Kutoka Gary mpaka Flint, kwenye miji ya viwanda iliyoachwa njiani

Picha nimeshazipanga na daftari nimelipitia lote, sasa naweza kuandika. Safari yenyewe ni ya Septemba 2024. Nilikuwa Chicago kwa shemeji yangu kwa mambo ya familia, mambo yakaisha mapema, nikasema maghorofa nimeshayaona, acha niende kwenye miji ya viwanda iliyoanguka, yaani Gary, Detroit na Flint. Wengi wameniuliza kwa nini huko. Mimi nimekulia Morogoro, viwanda vilipofungwa nilikuwa mdogo, na nakumbuka vizuri watu wazima walianza kuongelea wezi miaka ile ile walipoacha kuongelea mishahara. Nilitaka kuona mji ambao jambo hilo limetokea kwa kiwango ambacho sisi hatujawahi kukifikia.

Jumatatu 9 Septemba, Chicago

Siku ya kufunga begi na kuonywa. Kila mtu pale nyumbani alikuwa na lake la kusema. "Shem, Gary watu wanapita na gari vioo vimefungwa, wewe unataka kushuka utembee?" Nikamwambia nitatembea mchana, barabara kubwa, na nitarudi kabla ya giza. Akanipa simu yake ya zamani nitembee nayo mkononi, simu yangu ibaki ndani ya begi. Nilifanya hivyo safari nzima.

Jumanne 10 Septemba, Gary, Indiana

Treni ya kwenda Gary unaipandia katikati ya Chicago, Millennium Station, mwendo ni kama saa moja hivi na nauli haikufika dola 10. Ukishatoka Chicago inaanza mitambo, matangi, madaraja ya chuma, halafu mabomba ya moshi yanakaa upande wa ziwa mpaka unachoka kuyahesabu.

Mji huu ulizaliwa na kiwanda. Mwaka 1906 kampuni ya U.S. Steel ilichukua eneo la mchanga ufukweni mwa Ziwa Michigan ikajenga mji wa wafanyakazi wake, na mji ukapewa jina la mwenyekiti wa kampuni, Elbert Gary. Kwa hiyo ukishuka stesheni jambo la kwanza unalokutana nalo ni majengo mawili mazuri sana yenye kuba, moja ofisi za jiji na lingine mahakama, yamejengwa na watu waliokuwa na uhakika na kesho yao. Ukipita hayo mawili unaingia Broadway, na Broadway ndiyo inayouma. Maduka yamezibwa kwa mbao, jengo zima la ghorofa halina kioo hata kimoja, kuna ukumbi wa Palace Theatre uliofunguliwa 1925 ukafungwa 1972, na lami ni pana kwa ajili ya magari ambayo hayapo. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu 178,000 na ushei. Sensa ya 2020 ilikuta 69,000.

Mtaa mmoja pembeni ya Broadway lipo kanisa la City Methodist. Lilimalizika 1926, kampuni ya chuma ilichangia sehemu kubwa ya gharama, likafungwa 1975, halafu moto wa 1997 uliounguza majengo kadhaa ya katikati ya mji ukalimaliza. Paa hakuna. Nimesimama nje kwenye uwazi wa mlango, unaona matao ya mawe yamesimama vizuri kabisa na chini yake miti imeota, miti mirefu, sio vichaka. Sikuingia, na wewe usiingie, mawe yanadondoka.

Nikiwa pale pickup moja ikapunguza mwendo. Nilishtuka, sikatai, baada ya maonyo yote yale. Dereva alikuwa mzee mweusi mwenye kofia ya chama cha wafanyakazi wa chuma, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimepotea. Nilipomwambia natoka Tanzania akazima gari, akashuka, akanipa mkono. Alianza kazi kiwandani 1968 akiwa na miaka 19. Akasema kijana wangu, panda, huwezi kuujua mji huu kwa miguu.

Tulizunguka naye karibu saa mbili na hakutaka hela hata ya mafuta. Jambo lililonibadilisha mawazo ni hili: mimi nilikuja nikijua kiwanda kimefungwa. Hakijafungwa! Gary Works iliwashwa 1908 na mpaka leo inayeyusha chuma, ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote vya kampuni hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, sasa ni elfu chache tu. Mashine zikaja, chuma cha nje kikaja, na kazi ya watu kumi ikafanywa na mmoja. Mzee akasema wenye kiwanda bado wanapata chuma chao, mji ndio haupati mishahara.

Akanieleza pia habari ya kuhama. Mwaka 1967 Gary ilimchagua Richard Hatcher, mmoja wa mameya weusi wa kwanza wa miji mikubwa Marekani, na wazungu waliokuwa wameshaanza kuondoka wakaondoka kwa kasi. Walienda kusini kidogo tu, Merrillville, ambayo ilisajiliwa kuwa mji wake yenyewe 1971, na maduka na benki yakawafuata. Kodi ikaenda nao. Baada ya hapo ndio unasikia habari za mauaji, na mwaka 1993 Gary ikaongoza Marekani nzima kwa mauaji ukilinganisha na idadi ya watu wake. Angalia mpangilio wa miaka. Kwanza waliondoka wenye hela, halafu kazi zikapungua, halafu nyumba zikabaki wazi, ndio mwisho zikaja bunduki. Watu wa nje wanasimulia kinyumenyume, kana kwamba bunduki ndizo zilizowafukuza watu.

Na hizo nyumba wazi sio mchezo. Oktoba 2014 polisi walimkamata mtu aliyeua wanawake saba, na sita kati yao aliwaficha ndani ya nyumba zilizotelekezwa za Gary, mwenyewe ndiye aliyewapeleka polisi nyumba moja baada ya nyingine. Mzee alinionyesha mtaa mmoja akasema hapa tulikuwa tunakaa familia ishirini na kitu. Nilihesabu nyumba tatu zenye mapazia.

Kabla ya kunirudisha alinipitisha 2300 Jackson Street, kwenye kinyumba ambacho Michael Jackson na ndugu zake walikulia. Ni kidogo mno, vyumba viwili vya kulala, na baba yao alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Jirani alikuwa anafyeka nje, akatupungia mkono.

Kwa atakayeenda: nenda asubuhi, chukua chakula Chicago maana kula karibu na stesheni ni shida, na angalia ratiba ya treni ya kurudi kabla hujatoka stesheni kwa sababu mchana zinakuwa chache. Kama huna mwenyeji, lipia taksi ya kwenye simu kwenda Jackson Street, ni mbali kwa miguu na njiani hakuna watu.

Jumatano 11 Septemba, treni ya kwenda Detroit

Kama kilomita 450, nauli dola 50 na kidogo, kwenye ratiba ni saa tano na nusu. Tulitumia karibu saa nane. Tulisimama porini mara mbili kupisha treni za mizigo, hakuna tangazo la maana, watu wamezoea. Mama mmoja aliyekaa kiti cha pili alifungua bakuli la kuku na viazi akaniuliza nimekula saa ngapi, kabla sijajibu akanikatia. Mashamba ya mahindi, mahindi, mahindi.

Tukafika saa nne usiku imeshapita. Stesheni ya Detroit ni ndogo ya kushangaza kwa jiji lile, nitaeleza kesho kutwa kwa nini. Taksi niliyoita ilikuja na dereva akasoma jina langu akaniambia kwa Kiswahili, "Ndugu, weye ni mutu wa Bongo?" Mtu wa Bukavu huyo, amekaa Michigan miaka mingi. Njia nzima tukaongea. Akanipitisha juu ya barabara ya I-375 akasema hapa chini palikuwa na mtaa wa watu weusi unaitwa Black Bottom, wenye maduka, kumbi za muziki, makanisa, serikali ikaubomoa wote ikapitisha barabara. Bakshishi aliikataa. "Utanilipa siku nikifika kwenu."

Alhamisi 12 Septemba, Highland Park na ule ukuta

Basi namba 4 la Woodward linapita mchana na usiku, dola 2 na tiketi inakaa saa nne, unaweza kushuka na kupanda tena. Hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuiona Detroit, kwa sababu Woodward inakatiza jiji lote na ukikaa dirishani unaona utajiri na umaskini vinapokezana. Tramu ya QLine nayo ipo, ni bure, ila inaishia karibu.

Highland Park ni mji mdogo uliozungukwa na Detroit karibu pande zote. Hapa Henry Ford alifungua kiwanda 1910, hapa mwaka 1913 akaanzisha ule mstari wa kuunganisha magari unaotembea ambao dunia nzima ikauiga, na Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya walichokuwa wanapata wengi. Watu walikuja kutoka kila kona. Mwaka 1930 walikuwa zaidi ya 52,000. Leo hawafiki 9,000. Ford alishahamishia kazi kwenye kiwanda kipya zamani sana, kampuni ya magari ya Chrysler ambayo makao makuu yake yalikuwa hapo nayo ikahamia mji wa Auburn Hills miaka ya 1990, na mji ukabaki na mabomba, barabara na shule za watu elfu hamsini bila hela ya watu elfu hamsini.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka 2011 Highland Park ilikuwa inadaiwa mamilioni ya dola za umeme wa barabarani, ikaingia makubaliano na kampuni ya umeme deni lifutwe, na taa zaidi ya elfu moja zikaondolewa. Hazikuzimwa tu, ziling'olewa na nguzo zake. Nimetembea mtaa mmoja nikaona sehemu yenyewe: kipande cha zege cha mduara pembeni ya njia ya miguu, boliti nne zimekatwa usawa wa zege na zina kutu, majani yameota katikati. Hatua kadhaa mbele kipo kingine. Na kingine. Mtaa mzima umewekewa giza kwa mpango, halafu kesho mtu anauliza kwa nini huko kuna vibaka.

Wakazi hawakukaa kimya. Wakaanzisha kikundi kinaitwa Soulardarity, wanachangishana na kusimika taa za jua zinazomilikiwa na wao wenyewe. Nimeona moja, inafanya kazi.

Kiwanda cha Ford bado kipo, jengo refu la matofali na madirisha, mbele yake wamejenga maduka na jina wameyapa Model T Plaza. Mlinzi wa pale alinikataza kuingia ila akanisogeza mwenyewe mpaka kwenye kibao cha kumbukumbu nipige picha vizuri.

Mchana nikaenda kaskazini magharibi, karibu na barabara ya 8 Mile, kuuona ukuta. Ni wa zege, urefu wa kwenda juu unanizidi kidogo, unakwenda kama mita 800 nyuma ya nyumba za watu. Ulijengwa 1941. Mjenzi alitaka kujenga nyumba za wazungu jirani na mtaa wa weusi na serikali haikuwa tayari kudhamini mikopo ya sehemu iliyopakana na weusi, akajenga ukuta katikati, mikopo ikatoka. Upande mmoja watu wakapewa hela za kujenga, upande wa pili wakanyimwa, na tofauti ilikuwa unene wa zege lile. Siku hizi kwenye kiwanja cha michezo cha watoto wameuchora rangi nzurinzuri, watu na nyumba na mapovu. Niliweka mkono juu yake muda mrefu. Kijana aliyekuwa anacheza basketi akaja kuniuliza kama niko sawa, akanipa maji.

Ijumaa 13 Septemba, stesheni kubwa na kiwanda cha Packard

Sasa kuhusu stesheni. Detroit ilikuwa na stesheni kubwa, Michigan Central, ilifunguliwa 1913, mnara wa ghorofa 18. Treni ya mwisho iliondoka Januari 1988 na baada ya hapo watu wakaingia wakang'oa kila kitu, nyaya za shaba, marumaru, taa, saa. Kwa miaka thelathini picha ya jengo lile ndiyo ilikuwa picha ya Detroit iliyokufa. Mwaka 2018 Ford wakalinunua, wakalifufua, na Juni 2024 likafunguliwa. Nimeingia, ni bure, ukumbi unang'aa, watu wanavua kofia wenyewe.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko marumaru ni habari ya saa. Mara tu Ford walipolinunua, mtu akapiga simu bila kutaja jina, akasema saa kubwa ya stesheni iliibwa zaidi ya miaka 20 nyuma, mwenye nayo anataka irudi nyumbani, kaichukueni mahali fulani, imeegeshwa kwenye jengo lililoungua. Wakaenda, wakaikuta. Baada ya hapo watu wengine nao wakaanza kurudisha vitu. Wengine waliiba na wengine labda waliokota kuvinusuru, vyote vilikaa kwenye vyumba vya chini na magereji kwa miaka, na vikarudi siku mtu alipoonyesha kuwa jengo lina mwenyewe.

Packard ni habari nyingine. Kiwanda cha magari ya kifahari, kilianza 1903, magari yakakoma 1956, kikabaki gofu kubwa lenye urefu wa mitaa kadhaa, kikauzwa mnadani 2013 kwa dola 405,000. Vijana wa skrepa walikila kipande kwa kipande. Nilipofika mabuldoza yalikuwa yanamalizia kazi iliyoanza 2022, sehemu kubwa ni kifusi na uwanja mtupu. Jamaa mmoja wa makamo alikuwa ameegesha anaangalia. Aliniambia babu yake alifanya kazi humo na yeye mwenyewe alichuna shaba humo miaka ya tisini, "ndio kiwanda kilitulisha mara mbili." Hakusema kwa kujisifu. Alisema wakati ule ndani ya familia yao hakuna aliyekuwa na kazi ya kudumu.

Jioni nikaenda jumba la sanaa, Detroit Institute of Arts, Ijumaa wanafunga saa tatu usiku. Wakazi wa kaunti tatu za hapo wanaingia bure, mgeni unalipa, lipa tu. Kuna ukumbi ambao mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, aliuchora kuta zote 1932 na 1933, paneli 27, wafanyakazi wa Ford wakiwa kazini, migongo imeinama wote kwa pamoja. Jiji lilipotangaza kufilisika 18 Julai 2013, na madeni ya kama dola bilioni 18, wadai walitaka sanaa iliyomo humo iuzwe. Yakachangwa zaidi ya dola milioni 800 kuiokoa na kuokoa pensheni, hata hivyo wastaafu wengi wa jiji walikatwa asilimia 4.5 na nyongeza zao za mwaka zikaondolewa. Mlinzi wa ukumbi aliniambia mama yake alikuwa mmoja wao, alikuwa karani wa jiji maisha yake yote.

Nyaraka za kufilisika zilieleza hali ya wakati ule: asilimia 40 ya taa za barabarani haziwaki, majengo 78,000 yametelekezwa, na ukiita polisi kwa dharura wastani ni dakika 58 ndio wafike. Dakika 58! Mwizi anapika chai anakunywa anaondoka.

Jumamosi 14 Septemba, Eastern Market na sheli ya taa ya kijani

Soko la Jumamosi la Eastern Market lipo toka 1891 na kama unapita Detroit panga safari yako uikute Jumamosi. Nilinunua pichi, kikapu kidogo dola 5, na mkate wa mahindi. Wapo wauzaji wanaolima humo humo mjini, kwenye viwanja vya nyumba zilizobomolewa. Dada mmoja mwenye sukumawiki nzuri sana aliniambia kiwanja cha pembeni ya nyumba yake alikinunua dola 100 kutoka benki ya ardhi ya jiji, yaani ofisi inayoshika viwanja na nyumba zilizotelekezwa, wana mpango huo kwa mwenye nyumba iliyopakana. Kabla ya hapo palikuwa na gari lililochomwa na matairi. Alinijazia mfuko mboga nikamwambia sina pa kupikia, akabadilisha akanipa nyanya.

Usiku nilienda sheli ya karibu kununua maji. Nje kuna taa ya kijani inazunguka inamulika mtaa mzima. Ndani muuzaji, kijana wa Kiyemeni, amekaa nyuma ya kioo kinene cha kuzuia risasi kutoka kaunta mpaka dari, kimechakaa kimekuwa na ukungu usawa wa nyuso za watu, na chini kuna kidude cha kuzunguka kama ndoo iliyokatwa nusu. Unaweka hela, anazungusha, hela zinaenda kwake. Anaweka maji na chenji, anazungusha, vinakuja kwako. Hamgusani. Tuliongea kwa kupaza sauti. Taa ya kijani maana yake kamera za sheli zimeunganishwa moja kwa moja na polisi, mpango ulianza 2016 na sheli nane na mwenye duka ndiye anayelipia. Yeye anaupenda, anasema analala vizuri zaidi.

Wengine hawaamini mambo ya polisi na kamera, na wana sababu. Mwaka 2020 polisi wa Detroit walimkamata mwanaume mweusi mbele ya mke na watoto wake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya, kompyuta ndiyo iliyofananisha sura vibaya, na Juni 2024 jiji likamalizana naye kwa fidia na masharti mapya.

Ukweli mwingine lazima usemwe: Detroit ya leo sio ile mnayoisikia. Mwaka 1974 waliuawa watu 714, mwaka 2023 ni 252, na wakati huo hiyo ilikuwa idadi ndogo kuliko mwaka wowote toka 1966. Watu nao wamepungua sana, kutoka milioni 1.85 mwaka 1950 mpaka kama 639,000 mwaka 2020, kwa hiyo waliouawa bado ni wengi mno kwa jiji la ukubwa huo. Ila taa mpya 65,000 zilimalizika kufungwa mwisho wa 2016, magofu yanabomolewa, na watu wa mtaani wanasema wanaona tofauti.

Ushauri: tembea na hela ndogondogo mfuko wa mbele, usiku panda gari hata kama ni karibu, na usipige picha nyumba ya mtu bila kusalimia. Ukisalimia kwanza, watu wa Detroit wanaongea kuliko hata watu wa pwani.

Jumapili mvua. Nimelala, nimefua.

Jumatatu 16 Septemba, Flint

Basi ni saa moja na nusu hivi, dola 20 na ushei. Flint ndiko kampuni ya magari ya General Motors (GM) ilikozaliwa 1908, na kwenye barabara ya Saginaw yapo matao ya chuma yaliyoandikwa kuwa huu ni mji wa magari. Hapa pia, kuanzia 30 Desemba 1936 mpaka 11 Februari 1937, wafanyakazi walikaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka mpaka kampuni ikautambua umoja wao. Miaka ya 1970 GM ilikuwa na watu kama 80,000 Flint na vitongoji vyake. Buick City, ambalo lilikuwa jiji kabisa la viwanda, lilitoa gari la mwisho Juni 1999. Na kuanzia 2010, kwa miaka kadhaa, Flint ilikuwa juu kabisa kwenye takwimu za FBI za uhalifu wa kutumia nguvu, kwa miji yenye watu zaidi ya 100,000.

Halafu maji. Aprili 2014, mji ukiwa chini ya msimamizi aliyewekwa na jimbo ili kubana matumizi, wakahamia maji ya mto Flint bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, madini ya risasi yenye sumu yakatoka kwenye mabomba yakaingia kwenye vikombe vya watoto. Oktoba ya mwaka huo huo kiwanda cha injini cha GM kiliacha kutumia maji yale kwa sababu yanaharibu vyuma. Wananchi waliendelea kuyanywa mwaka mzima mwingine. Hili nimelisoma mara nyingi na kila nikiliandika mkono unatetemeka, kwa sababu hakuna mtu aliyekaba watu usiku akafanya madhara makubwa kama hayo, na hata siku moja huoni yakihesabiwa kwenye orodha ya miji hatari.

Upande wa kaskazini nilishuka basi la mjini nikatembea. Viwanja vitupu vingi, lakini kuna mtaa mmoja vyote vimekatwa majani, vimenyooka. Mama mtu mzima alikuwa anasukuma mashine ya kukatia kwenye kiwanja kisicho na nyumba. Nikamsalimia, nikamuuliza kama ni chake. Sio chake. Yeye na majirani wanne wanavikata vyote vya mtaa ule, benki ya ardhi ya kaunti inawapa fedha kidogo za mafuta. Akanitolea maji ya chupa, bomba lake limeshabadilishwa ila ya bombani bado hanywi. Nilimpokea mashine nikakata mistari kadhaa, ni nzito.

Nilipofika kwa shemeji nilisoma zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha mitaa ya Flint ambayo wakazi wanatunza viwanja vitupu na ile iliyoachwa, wakakuta iliyotunzwa ina karibu asilimia 40 pungufu ya mashambulizi na uhalifu wa nguvu. Hakuna silaha wala kamera, ni mtu anakata majani na anaonekana akikata. Yule mama alishaniambia hivyo hivyo kwa maneno yake: vijana wa kuuza unga walikuwa wanakaa pale kwa kuwa palikuwa hapana mtu, sasa yeye yupo pale kila wiki, wamehama.

Basi langu la kurudi lilifutwa, la jioni limejaa. Mpwa wa yule mama akanipeleka mpaka stendi nyingine, nikapata gari saa mbili usiku.

Matumizi yote kutoka Chicago na kurudi, usafiri, vyumba na chakula, hayakufika dola 600, na kilichokula hela ni vyumba, sio nauli. Sikuibiwa kitu, kwa wale mnaouliza. Sehemu ambayo sikuipata ni Youngstown, Ohio, mji wa chuma ambao 19 Septemba 1977 ulitangaziwa asubuhi moja kuwa kiwanda kinafungwa na watu kama 5,000 wakakosa kazi. Nataka kwenda huko nikirudi, kwa hiyo kama kuna mwenye ndugu Ohio anayeweza kulaza mgeni siku mbili, aniandikie.